Kudurusu Baina ya Magharibi na Isha



Msimu wa mitihani unapokaribia, nyumba zetu nyingi hubadili desturi. Televisheni huzimwa, wageni huombwa radhi, mtoto huondolewa katika shughuli zote na kuketishwa mbele ya daftari, na mama hupita kila baada ya nusu saa kutazama kama kichwa kingali kimeinama. Kikiwa kimeinama, husema mtoto anasoma. Sisi tunaoandika makala haya tumelitazama jambo hilo kwa karibu sana mwaka huu, na tumeona kuwa kuinama ni jambo moja na kusoma ni jambo jingine kabisa.

Tu mawifi wawili, wenyeji wa Mombasa, tulioletwa na riziki ya biashara hadi soko dogo la Chepseon katika kaunti ya Kericho, kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Kisumu. Nyumba zetu zimepakana, na watoto hula popote chungu kinapoiva kwanza. Kwa hiyo tukisema "binti yetu", msomaji asihangaike kutafuta ni nani kati yetu aliyemzaa. Huku ni nchi ya baridi, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua hupenda kunyesha alasiri, stima hukatika nayo, na jua huchwa kiasi cha robo saa baada ya kuchwa kwenu pwani. Waislamu tu wachache. Chuo cha watoto hukutana Jumamosi na Jumapili tu, katika chumba cha kuazima, na maalimu huja kwa matatu kutoka Kericho mjini.

Binti yetu yuko Gredi ya Tisa. Kaka yake alikuwa miongoni mwa watoto wa mwisho kufanya mtihani wa KCPE, ule ulioanza mwaka 1985 na kukomeshwa mwaka 2023, naye sasa yuko Kidato cha Tatu. Binti anafuata mtaala wa umilisi, na mwishoni mwa mwaka atafanya mtihani wa KJSEA, ambao wanafunzi wa kwanza waliufanya mwaka 2025. Wazazi wengi bado wanauhesabu mtihani huu kama ule wa zamani, wa siku chache za kufa na kupona. Hesabu zake si hizo. Katika alama zinazompeleka mtoto shule ya sekondari ya juu, mtihani wenyewe wa Gredi ya Tisa una sehemu 60 kwa 100. Tathmini za shuleni za Gredi ya Saba na ya Nane zina 20. Na ule mtihani wa Gredi ya Sita, uitwao KPSEA, una 20 nyingine. Mtoto akiingia Gredi ya Tisa, sehemu 40 za safari yake zimekwisha kuandikwa. Mkesha wa wiki moja hauwezi kuzifuta wala kuziongeza.

Mwanzoni mwa mwaka lilizuka shauri gumu. Palitokea mtu anayefundisha tuisheni kwa wanafunzi wa Gredi ya Tisa, Jumamosi asubuhi, saa zile zile za chuo. Mabinti wa Gredi ya Tisa katika chuo chetu walikuwa watatu. Wazazi wa wawili waliona kwamba Qur'ani haitakimbia, na kwamba mtihani ukipita watoto watarudi. Hatuwalaumu, maana mzazi huchagua akiwa na hofu, na hofu ya mtoto kukosa shule nzuri si hofu ndogo. Nyumbani kwetu tuligawanyika. Mmoja wetu alitaka binti aende tuisheni, wa pili alitaka abaki chuoni, na waume zetu wakawa wanasikiliza kwa makini sana bila ya kusema neno, kama wafanyavyo wanaume wanapoona shauri lina miiba.

Lililotuamulia ni matokeo ya jaribio moja la sayansi.

Binti alikuwa amelisomea. Hilo tulilishuhudia sisi wenyewe kwa macho. Kwa usiku tatu mfululizo alikaa na daftari lake hadi saa nne u nusu, akasoma kurasa zile tena na tena, na karibu kila mstari aliupaka rangi ya njano au ya waridi hata daftari likafanana na kanga ya Idi. Aliporudi na karatasi ya jaribio, alama zilikuwa chini ya nusu. Alilia, si kwa uvivu uliofichuka, bali kwa kudhulumiwa. Aliona ametoa kila alichokuwa nacho na hakurudishiwa kitu. Tulimwuliza kwa upole swali moja lililokuwa katika karatasi ile, daftari likiwa limefungwa. Akanyamaza. Tulipolifungua daftari akasema papo hapo, "Haya nayajua! Nikiyaona nayajua."

Usiku ule ule, baada ya Isha, alimsomea bibi yake kwa simu sura tatu za juzuu ya Amma bila ya kukwama hata mara moja. Tukatazamana. Mtoto yule yule, kichwa kile kile. Sura alizozihifadhi tangu miaka mitatu iliyopita zimo, na ukurasa alioupaka rangi wiki iliyopita haumo.

Tofauti haikuwa akili. Tofauti ilikuwa namna. Chuoni hakuna mtoto anayeambiwa "nenda kasome" kisha akaachwa ainame. Maalimu humfungisha msahafu na kumwambia, "Sema." Anaposahau hasomewi aya yote, huonjeshwa neno moja la mwanzo, akaachwa alitafute la pili mwenyewe. Na kabla ya kupewa somo la leo husikilizwa la jana. Bibi yao, ambaye hakupata kuingia skuli hata siku moja, alitueleza kwamba enzi zao walipokuwa wakiandika juu ya ubao, mtoto hakuruhusiwa kuosha ubao wake kuandika somo jipya hadi maalimu aridhike kwamba la zamani limekaa kifuani. Ubao ukishaoshwa, hapakuwa na mahali pa kuchungulia. Neno letu lenyewe la kudurusu lina maana hiyo ya kulirudia somo. Lakini tumeliacha libaki chuoni, na skulini tumepeleka kalamu za rangi.

Wanavyuoni wetu walilijua jambo hili zamani. Burhanuddin az-Zarnuji, aliyeandika kitabu chake cha adabu za mwanafunzi takriban miaka 800 iliyopita, alimshauri mwenye kutafuta elimu arudie somo la jana mara tano, la juzi mara nne, la siku iliyotangulia mara tatu, na kushuka hivyo hivyo hadi mara moja. Hakupenda pia mtu azoee kudurusu kwa kunong'ona. Alitaka somo lisemwe kwa nguvu na uchangamfu. Karne nyingi baadaye, mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha jinsi mambo tuliyojifunza yanavyotoroka upesi katika saa na siku za mwanzo, na jinsi kuyarudia kwa vipindi kunavyoyazuia. Na mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi za kusoma. Wengine waliisoma habari mara ya pili. Wengine walifungiwa karatasi wakaambiwa waandike wanachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma tena ndio walioongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojikumbusha walibaki na kiasi cha 56 kwa 100 ya habari ile, na waliosoma tena walibaki na 42.

Tafadhali litazameni jambo hilo la dakika tano, kwani ndilo linalowahadaa watoto. Kusoma tena kunampa mtoto utamu wa papo hapo. Anamaliza ukurasa, anauona mwepesi, anakwenda kulala na moyo mweupe. Kujikumbusha bila ya kuchungulia kunachosha na kunaudhi, na mtoto huona kana kwamba hajui kitu. Ule uzito ndio kazi yenyewe.

Basi tuliamua binti abaki chuoni, na namna ya chuoni ije nyumbani.

Tulichagua saa baina ya Magharibi na Isha. Wazee wetu wa pwani waliijua saa hii; ndiyo iliyokuwa ya darsa barazani na misikitini. Ina mipaka ambayo haihitaji mabishano, maana huanza kwa sala na kumalizika kwa sala, na ukitoa sala na nyiradi hubakia kama dakika hamsini. Kwa mtoto aliyekwisha kukaa darasani kutwa nzima, dakika hamsini za kweli zinatosha. Simu zote, zetu tukiwamo, huwekwa katika kikapu cha mkate juu ya kabati. Watoto walitukumbusha hilo la "zetu" siku ya pili tu.

Kazi inafanywa hivi. Tulikata maboksi ya dukani tukapata vikaratasi vya ukubwa wa kiganja. Kila siku binti anaandika maswali matano au sita ya masomo ya siku hiyo, swali upande mmoja na jibu upande wa pili. Tuna makopo matatu ya maziwa ya unga. Swali jipya huingia kopo la kwanza, ambalo huulizwa kila jioni. Akilijibu bila ya kuchungulia kwa siku mbili, huhamia kopo la pili, la kila wiki. Akilijibu tena huhamia la tatu, la kila wiki mbili. Akikosa, swali hurudi kopo la kwanza, na hapana kugombezwa. Mwulizaji si lazima ajue sayansi wala Kiingereza kingi. Jibu liko nyuma ya karatasi. Mdogo wao wa Gredi ya Nne ndiye mwulizaji mkali kuliko wote, maana hamsamehi dada yake hata neno moja.

Jirani yetu, mama wa Kikipsigis mwenye shamba dogo la chai, alipoyaona makopo yale alicheka, akasema hiyo ni zamu ya kuchuma. Akatufafanulia. Mchai huchumwa majani mawili na chipukizi lake, kisha unaachwa, na baada ya siku saba hadi kumi na nne, kwa kadiri ya mvua, unarudiwa. Ukiurudia kesho yake hukuti kitu. Ukichelewa mno majani yanakomaa na kuwa magumu, na hata ukiyafikisha kwenye banda la kupimia yatakataliwa. Na mchai ukiachwa kabisa, haukai kichaka. Unakuwa mti, hata mkono haufiki. Tangu siku hiyo watoto huliita kopo la tatu "shamba la mama jirani".

Hata hivyo tungekuwa tunawapunja wasomaji kama tungeishia hapo, kwa sababu kuhifadhi pekee hakumfikishi mtoto mbali katika mitihani ya siku hizi. Maswali mengi humpa mtoto hali asiyopata kuiona daftarini, na kumtaka aitumie elimu yake. Binti alikuwa amekwisha kuhifadhi kwamba asidi hugeuza karatasi ya litmasi ya buluu kuwa nyekundu. Tulipomwuliza ni kwa nini jirani hutia chokaa katika shamba la mahindi lakini hatii katika chai, alishangaa, akasema hilo si sayansi, ni kilimo.

Tukaenda jikoni. Tulimimina chai ya rangi katika vikombe vitatu vya glasi. Cha kwanza tulikiacha. Katika cha pili alikamua ndimu, na chai ikapauka mbele ya macho yake hata ikawa rangi ya asali. Katika cha tatu alitia magadi kidogo, yale tunayotia mboga ngumu, na chai ikawa nyeusi. Akavitazama vikombe kwa muda mrefu. Chai yenyewe inafanya kazi ya litmasi! Miaka yote ameinywa na ndimu akiwa na mafua, na hakupata kujiuliza kwa nini inapauka. Kisha akaenda mwenyewe ng'ambo ya ua kumwuliza mama jirani habari za udongo, akarudi na maelezo kwamba chai hupenda udongo wenye asidi, na mahindi huteseka humo mpaka udongo upozwe kwa chokaa. Swali hilo halikuandikwa katika kikaratasi chochote, wala hatudhani kama litahitaji kuandikwa.

Baada ya hapo tuliongeza jambo moja, nalo limekuwa na faida kuliko tulivyotazamia. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya Isha, binti humpigia simu bibi yake Mombasa na kumweleza jambo moja alilojifunza wiki ile. Skulini sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, na bibi hajui Kiingereza. Kwa hiyo binti hawezi kujificha nyuma ya maneno ya kitabu. Wiki ya kwanza alieleza habari ya umeme kwa dakika nzima, akitumia maneno ya Kiingereza kila alipokwama, na bibi akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Marahaba, mjukuu wangu. Sijaelewa hata kidogo. Anza tena." Akaanza tena. Mara ya tatu ndipo alipogundua mwenyewe kwamba lile neno alilokuwa akilitaja kwa ufasaha mkubwa hakuwa akijua maana yake.

Tumefika sasa mahali ambapo tungependa akina mama wenzetu watusome polepole.

Tulipopanga saa ile ya Magharibi, tulidhani watoto wote wawili, kaka na dada, wataikuta wakiwa sawa. Haikuwa hivyo. Kaka alifika akiwa amepumzika. Dada alifika akisinzia. Tukachukua karatasi, na kwa wiki moja tukaandika kila mmoja anafanya nini tangu kutoka skuli hadi Magharibi. Kaka: kubadili nguo, kula, mpira au mazungumzo dukani, kuoga. Dada: kubadili nguo, kuteka maji, kuosha vyombo vya mchana, kumwogesha mdogo, kukanda unga, kukaa na sufuria ya mchuzi, kuanua nguo mvua ikianza. Kwa siku tano za skuli tofauti yao ilikuwa zaidi ya saa nane. Hakuna aliyempangia hivyo kwa ubaya. Sisi wenyewe tulilelewa hivyo, na mama zetu kabla yetu. Lakini ukimlipia binti karo sawa na kaka yake, ukamnunulia vitabu sawa, halafu ukampunguzia saa nane kila wiki, alama zake hazitakuwa siri ya ajabu.

Tukagawa kazi upya. Maji na vyombo ni vya kaka. Kumwogesha mdogo ni zamu. Unga wa chapati tunakanda sisi baada ya Adhuhuri. Kaka alinuna siku kadhaa, na baba yake, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, ndiye aliyemkalisha akamkumbusha kwamba Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia ahali zake. Hakuongeza neno. Kijana anaosha vyombo, kwa kelele nyingi kuliko inavyohitajika. Bibi yao wa Mombasa hakulipenda jambo hili, na mpaka leo hajalipenda. Anasema tunamharibu mtoto wa kiume. Tunamheshimu, tunamwambia "Sawa, Mama," na vyombo vinaendelea kuoshwa.

Yaliyobaki ni madogo, tutayapita haraka. Katika hisabati tumeacha kumpa maswali ishirini ya aina moja kwa mpigo. Tunayachanganya, sehemu, eneo, asilimia, ili kila mara alazimike kwanza kutambua swali ni la aina gani, kwani katika mtihani hakuna mtu wa kumwambia. Ana daftari la makosa, ambamo huandika swali alilokosa, kosa lenyewe na sababu yake. Kabla ya jaribio lolote husoma daftari hilo na kuacha mengine. Mitihani ya miaka iliyopita huifanya kwa saa ukutani, mezani, kimya, si kitandani. Ramadhani ilipoingia tulihamishia dakika zetu baada ya Alfajiri, kwa kuwa baada ya futari hakuna kichwa kinachokubali kitu. Na usingizi hatuuchezei tena. Utafiti mwingi umeonyesha kwamba akili huyapanga na kuyaimarisha ya mchana mtu anapolala, na kwetu inatosha kusema kwamba mtoto aliyelala saa tatu u nusu huamka Alfajiri bila ya kuvutwa shuka. Usiku wa kuamkia jaribio anasali, anapitia daftari la makosa kwa nusu saa, analala. Dua tunaomba, lakini tunaomba juu ya kazi iliyofanyika.

Msomaji atataka kujua imezaa nini. Katika majaribio mawili yaliyofuata alama za sayansi zimepanda, za hisabati zimepanda kidogo, na za Kiingereza zimesimama pale pale. Mtihani mkubwa bado uko mbele, na hatutauhesabia matunda kabla ya wakati. Chuoni amemaliza juzuu ya Amma na ameanza Tabaraka. Wale mabinti wawili wenzake hawajarudi chuoni. Mmoja wao huja kwetu baadhi ya jioni, Magharibi, kuulizwa maswali ya makopo, naye tumemtengenezea makopo yake. Mama yake ametuuliza kama maalimu anaweza kuwafundisha mabinti hawa wakubwa Jumapili baada ya Adhuhuri, tuisheni isiwe kizuizi. Maalimu amekubali, ila nauli ya safari ya pili ndiyo inayozungumzwa sasa, na waume zetu safari hii wamefungua vinywa.

Usiku wa kuamkia Ijumaa iliyopita ilikuwa zamu ya vikombe vitatu vya chai. Binti alimweleza bibi yake yote, ndimu na magadi na chokaa, bila ya neno hata moja la Kiingereza. Bibi akaelewa. Kisha akauliza lake: mbona majani ya chai tunayomletea kutoka huku, yale yale tunayokunywa sisi, akiyachemsha kwa maji ya kisima cha Mombasa hayatoi rangi wala ladha kama aliyoinywa alipotutembelea Chepseon? Binti hakuwa na jibu. Ameliandika swali juu ya kikaratasi, nyuma pakiwa patupu, na Jumatatu atakwenda nalo kwa mwalimu wake wa sayansi.